Bibi Alivyojitafutia Mtani

Bibi yangu, mama yake baba, hakukosa msiba hata mmoja kuanzia kwetu Vihingo hadi njia ya Maneromango. Akisikia kilio, hata kama ni cha mtu aliyemjua kwa salamu tu, atajifunga kanga kiunoni, atachukua kopo lake la ugoro, atanishika mkono na kuniambia twende. Haendi kulia. Anakwenda kuwaona watani.

Vijana wa siku hizi mnaujua utani wa mpira tu, wa kuzomeana timu ikifungwa. Nitawaeleza wa kwetu, maana naona mnautupa. Enzi za Mwingereza, Mzaramo na Mnyamwezi walikuwa watani hasa. Mtani anachukua kitu chako mbele ya macho yako na wewe unanyamaza. Anakutukana, unacheka. Na ukifa, yeye ndiye anakuja kuvaa nguo zako, anatembea ulivyokuwa ukitembea, anakohoa kikohozi chako, mpaka wafiwa wanaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Kisha anajilaza mbele ya jeneza. Halitoki hapo mpaka watu wako, wazee wa ukoo wako na kabila lako, wamlipe japo kuku. Hapo ndipo marehemu anajulikana kuwa alikuwa na watu.

Bibi alikuwa akikaa mbele kabisa na kucheka kuliko wote. Nilikuwa mtoto, nikidhani anapenda vituko tu. Kumbe mwenzangu alikuwa anatamani.

Yeye hakuwa na mtani, kwa sababu hakuwa na kabila. Aliletwa pwani na msafara akiwa mdogo wa kung'oka meno, kutoka bara, na bara ni kubwa. Lugha ya kwao ilimtoka yote. Jina la kijiji lilimtoka. Alichobaki nacho ni ng'ombe mmoja, wa rangi ya udongo mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na hata huyo hakujua kama alikuwa wa kwao au wa jirani. Nilimuuliza mara nyingi kuhusu yule ng'ombe. Alikuwa hachoki kunisimulia, na kila mara alikuwa ni yule yule, hakumwongezea hata mkia.

Alinunuliwa na watu wa nyumba ya bati. Tuliiita hivyo kwa sababu ilikuwa ya kwanza kuezekwa kwa bati wakati sisi wote tulikuwa kwenye makuti. Walikuwa Wazaramo wenye mashamba, waswalihina, watu wa heshima zao. Bibi aliwalimia, aliwatwangia, aliwalelea watoto. Akaozwa mwanamume aliyenunuliwa kama yeye, akamzaa baba yangu, mume akafa. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia, na serikali ikatangaza kwamba utumwa umekwisha. Mzee wa nyumba ya bati wa wakati huo akawakusanya watu wake uwanjani akawaambia kila mtu yuko huru. Wengine walikwenda misheni Maneromango, wengine wakashika njia ya Dar es Salaam kutafuta kibarua. Bibi aliniambia kwamba yeye kesho yake aliamka, akafagia uwanja kama siku zote, akamaliza, kisha akakaa chini na ufagio wake kwa sababu hakuna aliyemtuma la kufanya baada ya hapo. Alikaa mpaka jua likampata. Ndipo akainuka akaenda kulima kipande cha mwisho cha shamba, kwenye mikorosho, na pale pale akajenga. Hapo ndipo nilipozaliwa mimi.

Nikumbuke nini kwanza cha pale? Moshi wa korosho zikichomwa kwenye kipande cha debe, sisi watoto tumekaa upande wa upepo tusije tukababuka. Mihogo yake, ambayo ilikuwa mitamu mpaka watu wa nyumba ya bati walituma kuomba mbegu. Bibi amenyoosha miguu kwenye mkeka, anasuka ukili, mdomo haupumziki. Alikuwa na mdomo, Bibi. Chafya yake ya ugoro ilisikika mpaka kisimani. Alipiga tatu mfululizo, kisha anasema alhamdulillahi kwa sauti ya kulalamika, utafikiri amechelewa kuletewa.

Wala sitasema tulinyanyaswa. Watu walimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba. Lakini siku za harusi, wazee wakianza kutajiana koo, huyu wa ukoo fulani na huyu wa fulani, walipofika kwa baba yangu waliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Hakuna aliyemtukana. Waliruka tu. Mimi nilikuwa nakasirika mpaka masikio yanapata moto.

Sasa akafa mzee mmoja aliyeletwa pwani katika msafara ule ule wa Bibi. Aliishi peke yake akichonga mipini ya majembe. Walimwosha, wakamvisha sanda, wakamswalia, wanaume wanne wakabeba jeneza, na kabla jua halijawa kali mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyejilaza njiani, hakuna aliyevaa koti lake, na koti lile lilikuwa na viraka vya kuchekesha. Wanawake tulikaa mkekani kimya, tukisikia kuku wakipekua. Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mimi sitaki kuzikwa kimya," aliniambia. "Sikia vizuri wewe, maana wewe ndiye utakayekuwepo. Sitaki."

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu niliogopa, kwamba kwa nini ajitakie Uzaramo wa watu waliomnunua. Hakukasirika. Alisema amekula mihogo ya ardhi hii tangu hajaota meno ya pili, amemzika mume ndani yake. Je, nataka aende kufa kwa yule ng'ombe?

Mwaka huo ndipo alipokuja mrina asali. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima lakini hajawa mzee, mrefu, mwenye mwanya. Alikuwa amefanya kazi ya mkonge huko upande wa Misugusugu, mkataba ukamwishia, akaja kutundika mizinga kwenye misitu ya kwetu. Kila Alhamisi alipita barabarani na vibuyu vya asali kwenye mti begani, na pale penye duka la Mhindi, chini ya baraza, watu walimsubiri. Wazaramo walimtania naye akawatania. Aliwaambia ni wavivu, wanangoja korosho ziwaangukie mdomoni. Wakamwambia Wanyamwezi wana miguu mikubwa kwa kubeba mizigo ya watu. Ilikuwa raha.

Alhamisi moja Bibi alinipeleka dukani kununua chumvi. Watu walikuwa wengi, na mzee wa nyumba ya bati, mtoto wa yule wa zamani, alikuwa amekaa kwenye kiti. Bibi akapita katikati yao wote. Akachomoa kibuyu kimoja kwenye mti wa yule Mnyamwezi, akakizibua, akatia kidole, akalamba, akakibana kwapani, akaanza kuondoka.

Hakuna aliyecheka. Angefanya hivyo mwanamke mwingine yeyote pale, wangecheka mpaka wakae chini. Lakini wote walijua, na yeye alijua, na mimi nilijua. Mrina asali peke yake ndiye hakujua. Alimwita, nusu anacheka, akamuuliza yeye ni mtu wa wapi. Bibi aligeuka akasema yeye ni Mzaramo, na tangu lini mtu akamwomba mtani wake ruhusa.

Ndipo mzee wa nyumba ya bati aliposema, taratibu, bila hata kumtazama Bibi.

"Utani hauokotwi barabarani. Huyo mama hana ukoo. Aliletwa. Mwambie akurudishie asali yako."

Mnyamwezi aliacha kucheka. Alimtazama mzee, akamtazama Bibi, akamtazama tena mzee. Bibi hakurudisha kibuyu. Alisimama nacho kwapani, kidevu kimeinuka, na mimi nimemshika kanga. Kisha mrina asali akabeba vibuyu vilivyobaki akashika njia.

Mnaelewa alivyojiweka? Kama yule mtu angekwenda barazani kwa jumbe akasema nimeibiwa, Bibi angekuwa mwizi. Si mtani, mwizi. Mtumwa wa zamani aliyeiba mchana kweupe mbele ya mashahidi ishirini. Baba alipata habari akashika kichwa. Alitaka kumfuata yule mtu msituni amrudishie. Bibi akamwambia akithubutu kuigusa ile asali atamlaani. Akaiweka juu ya uchaga, akaifunika kwa kawa, na wiki nzima hakuilamba hata mara moja. Kila mbwa akibweka anatazama njia. Hata ugoro alikuwa anauvuta bila chafya.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa uwanjani, chungu cha mihogo ya nazi kiko jikoni kinatokota. Yule Mnyamwezi akaingia. Hakupiga hodi, hakuamkia. Akaenda moja kwa moja mekoni, akakiepua chungu kwa majani ya mkorosho, akakaa kwenye mkeka wa Bibi, akaanza kula. Alikuwa anaungua vidole na anaendelea. Alikula vipande vitatu au vinne, sisi tumesimama tumetoa macho. Kisha akasema kwamba maisha yake yote ameambiwa Wazaramo hawajui kupika, na sasa ameamini, maana chakula hiki hata mbwa wa kwao Unyamwezi angeomba samahani akaondoka.

Bibi alicheka. Wallahi alicheka mpaka akakaa chini, kanga ikamfunguka kichwani, machozi yanamchuruzika, akashindwa kuvuta pumzi mpaka nikaogopa. Kisha akapiga chafya zake tatu, na akaanza kumtukana. Alimtukana miguu, mwanya, mama yake, na asali yake ambayo alisema ina ladha ya masizi. Hajaionja tena tangu siku ile, mwongo mkubwa.

Ndivyo walivyoanza, na waliendelea miaka. Hiyo ndiyo miaka ninayoililia nikikaa peke yangu. Akija, Bibi anamfichia kofia. Bibi akienda shambani, anarudi hakuna jembe, liko juu ya mkorosho. Siku moja mrina asali alimchukua jogoo mzima, naye Bibi akaenda msituni na umri ule, akamshushia mzinga mtupu akauburuta mpaka nyumbani, na kuufanya kiti. Baba, mtu mkimya, alijifunza kucheka katika miaka hiyo. Watu wa kijijini nao walizoea, walikuwa wanakuja kuwasikiliza. Mzee wa nyumba ya bati hakuja. Wala hakurudia neno lake, lakini hakulifuta.

Baba aliwahi kumshukuru mrina asali kwa kumwonea mama yake huruma. Nilikuwepo. Yule mtu alikunja uso, mara ya pekee nilipomwona amekasirika.

"Sikumwonea huruma. Ukimwonea mtu huruma huwezi kumtania." Akaonyesha barabara kwa kidole. "Babu zangu walibeba meno ya tembo kwenye njia hii. Watoto kama mama yako walikuwa nyuma yao, wamefungwa. Sasa niende barazani niseme kaniibia asali?"

Baadaye alioa, akahamia kwa mkewe Misugusugu, akawa anakuja mara chache. Mimi nami niliolewa pale pale kijijini. Na Bibi akaanza kunywea. Miguu ilikuwa ya kwanza kumwacha, mdomo ukawa wa mwisho. Alifariki alfajiri, wakati wa adhana, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kabla ya hapo aliniuliza jambo moja tu, kama kaka yangu ana baiskeli nzima. Nilimwambia anayo. Akasema vizuri.

Kaka aliondoka kabla hakujapambazuka vizuri. Kwenda Misugusugu kwa njia zile za mchanga na mabonde, na kurudi, ni kazi ya kutwa. Huku mzee wa nyumba ya bati, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga misiba yote, alikwisha kata shauri: maziko baada ya adhuhuri. Maiti hangojeshwi, na alikuwa na haki, dini ndivyo inavyosema. Baba akaomba tungoje alasiri. Mzee akauliza tunamngoja nani, nduguye gani.

Sasa hili sijamwambia mtu miaka mingi. Niliiba kafuri. Waoshaji walipokwisha kumwosha Bibi, wakitaka kumtia kafuri kabla ya sanda, paketi haikuonekana. Ilikuwa kiunoni mwangu, chini ya kanga. Nilitafuta pamoja nao, nikainua mikeka, nikamlaumu wifi yangu mpaka akalia. Akatumwa mtu dukani, Mhindi hana, akatumwa mwingine mpaka Kisarawe kwa miguu. Mungu anisamehe, na wifi yangu anisamehe. Adhuhuri ikapita. Mtu aliporudi na kafuri nyingine, alasiri ilikuwa imekwisha swaliwa, Bibi akavishwa sanda, jeneza likaletwa, na njia bado ilikuwa nyeupe, hakuna baiskeli. Sikuwa na kitu kingine cha kuiba.

Wanaume waliingia, wakaliinua. Walikuwa kizingitini niliposikia kengele. Kaka alikuwa amelowa jasho, hawezi kusema, na nyuma yake kwenye kiti cha mizigo amekaa Mnyamwezi, magoti yamepanda mpaka masikioni, mwekundu kwa vumbi.

Hakutoa pole kwa mtu. Aliiteremsha kanga ya Bibi iliyokuwa kwenye kamba, akajifunga, akatembea uwanja mzima kwa ule mwendo wa Bibi wa siku za mwisho, mkono kiunoni, akimkemea kila aliyemkuta. Akalichukua kopo la ugoro dirishani. Akapiga chafya tatu. Akasema alhamdulillahi kwa ile sauti ya kulalamika.

Ilikuwa yeye. Sijui niseme nini zaidi, ilikuwa yeye. Baba alicheka kwa sauti, akajishika ukuta akalia. Wanawake wote walicheka na kulia, mimi nikiwa nimelala chini kabisa. Na yule mtu akaenda akajinyoosha mlangoni, mbele ya jeneza, kanga imemfunika.

"Mzaramo huyu kaniibia kibuyu cha asali," alisema. "Hatoki."

Baba akamletea kuku aliyekwisha mfunga miguu. Mnyamwezi hakumpokea. Alimwambia baba kwamba yeye ni mwana, ana machozi yake yanamtosha, mwana halipi. Wanaolipa ni wazee wa Kizaramo. Wako wapi?

Wako wapi. Waliobeba walikuwa wamesimama na jeneza mabegani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote, tangu watoto mpaka vikongwe, tulimtazama mtu mmoja, na mzee wa nyumba ya bati alikuwa anatazama chini. Kisha aligeuka akatoka uwanjani. Nikasema moyoni, basi, ndiyo imekwisha, ameruka dimbwi kama kawaida yao.

Nyumba ya bati si mbali. Alirudi kabla mikono ya wabebaji haijachoka. Alikuwa na jogoo mweupe, jogoo wake mkubwa wa uwani. Hakumtuma kijana, amembeba mwenyewe kwa mikono miwili kifuani, na manyoya yamemshika kwenye kanzu. Akavua viatu. Akapiga magoti pale mlangoni, mzee yule, na magoti yake mabovu.

"Mtani," alisema, "sisi Wazaramo tumefiwa. Pokea hiki, utuachie mama yetu tukamzike."

Mnyamwezi aliinuka akakaa. Akampokea jogoo, akamwambia amekonda kama mwenyewe, akaondoka mlangoni. Mzee akacheka, sauti imemkatika. Jeneza likapita, na mzee akaweka bega lake chini yake.

Sikumsamehe yote. Niseme kweli, lipo ambalo hata jogoo halilipi. Lakini nilitamani niingie ndani nimwambie Bibi, na mara mbili nilianza kwenda kabla sijakumbuka.

Arobaini ilipopita, Alhamisi, nilikuwa barabarani na mtoto wangu mgongoni, nikamwona mrina asali anakuja na vibuyu vyake. Nikamwendea, nikachomoa kimoja, nikatia kidole, nikalamba, nikakibana kwapani nikaenda zangu.

Hakuniuliza mimi ni mtu wa wapi. Alinitukana mpaka nilipoingia ndani.